Baiskeli ya Mwana wa Mpagazi

Mwaka wa tatu tangu reli ifike, Dodoma haikuwa na watu wengi, na karibu wote walimjua Mwanne kwa vitu viwili: mafuta yake ya nyonyo na wasiwasi wake. Mafuta aliyauza kwa vibuyu vidogo karibu na stesheni. Wasiwasi aliutoa bure. Ukinunua kibuyu kimoja, ungeulizwa kama mbuzi umewafunga vizuri, kama mtoto wako ameacha kukohoa, na kama kweli unataka kupita njia ile ya chini kwenda Mvumi, maana jana fisi wamesikika upande huo. Watu walimcheka, lakini wakifika nyumbani walikwenda kutazama kamba za mbuzi.

Kwao kulikuwa Kondoa, milimani. Alipokuwa msichana aliolewa na Halfani, mpagazi wa misafara ya bara, na hakukaa nyumbani kumngoja. Alimfuata. Miaka minane alitembea naye kati ya Bagamoyo na Tabora, sufuria kichwani na mkeka kwapani, na baadaye mtoto mgongoni. Huko ndiko alikojifunza kutazama. Alijua mpagazi atakayeanguka kesho kwa namna alivyovua viatu vyake vya ngozi leo. Alijua mzigo uliofungwa vibaya hata ukiwa mbali, kwa jinsi shingo ya mwenyewe ilivyolala upande mmoja.

Kisha reli ikaja, mizigo ikapanda mabehewa, na wapagazi wakakaa chini. Halfani alifariki kwa homa mwaka huohuo. Mwanne akabaki na tembe yenye vyumba viwili, mashine ya kukamulia mafuta iliyotengenezwa kwa magogo, na mwana mmoja, Zaidi, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, mwenye miguu mirefu na maneno machache.

Zaidi alikuwa amefanya kazi kwa Mzungu mmoja mpima ardhi. Mzungu yule aliporudi kwao alimwachia baiskeli yake badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Ilikuwa baiskeli nzito, nyeusi palipobaki rangi na nyekundu palipokula kutu. Gurudumu la nyuma lilikwenda likiyumba, na mnyororo ulilia kila unapozunguka, hata watoto wa jirani walijua kuuigiza.

Juma moja zikaja habari mbili. Ya kwanza, kulikuwa na bwana mmoja anaandika watu wa kwenda kujenga reli ng'ambo ya Tabora, mkataba wa mwaka na nusu, gari linaondoka Jumamosi ya juma lifuatalo. Ya pili, Mzungu wa posta, ambaye watu walimwita Bwana Posta, alitaka mtu mmoja mwenye baiskeli wa kupeleka barua boma la Kondoa na kurudi kila juma. Wenye baiskeli wakutane Alhamisi, siku mbili kabla ya gari hilo. Waende hadi Msalato, wapokee cheti, warudi. Wa kwanza kufika anapata kazi.

"Nisipopata posta, mama, nakwenda reli," alisema Zaidi. "Serikali haingoji kodi ya kibanda, na hapa kazi hakuna."

Mwanne alijua waliokwenda ng'ambo ya Tabora. Alijua pia waliorudi, na hesabu hizo mbili hazikulingana. Hakusema hivyo. Alisema, "Kwanza tuitazame hiyo baiskeli."

Walikuwa na rupia nne na siku tisa.

Zaidi alikwishaamua. Alitoa kifuani karatasi aliyopewa na mwenye duka mmoja wa Kihindi, yenye picha ya Mzungu aliyevaa kaptula akiwa juu ya baiskeli ambayo usukani wake ulipinda chini kama pembe za kondoo.

"Huu, mama. Rupia nne kamili. Ukishika hapa unainama, upepo unapita juu yako."

Mwanne aliishika karatasi kwa mikono miwili akaisogeza karibu na jua. "Huyu anakwenda wapi?"

"Haendi mahali. Anashindana."

"Na barabara yake mbona haina mchanga?"

Zaidi aliinama kuitazama tena ile picha.

"Haina hata mwiba," Mwanne aliendelea. "Twende kwa fundi."

Fundi alikuwa Mustapha, mtu wa pwani aliyekuja na reli akasahau kuondoka nayo. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya stesheni, ambako alitengeneza cherehani, taa, bunduki zilizokataa na baiskeli zote saba za mji. Alipomwona Mwanne anakuja alisimama, akasogeza pembeni kigoda kimoja kilicholegea mguu, maana alijua atakiulizia.

"Karibu, Mama Zaidi. Hamjambo?"

"Hatujambo, fundi. Nina rupia nne. Nataka baiskeli hii iende mbio. Nieleze kila kitu na bei yake, na unieleze polepole."

Mustapha alifurahi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtaka aeleze polepole. Akasema kuna duara la meno la mbele, kubwa kuliko hili, linaagizwa Darisalama kwa rupia sita. Ukilifunga, kila ukikanyaga mara moja unakwenda mbali zaidi.

"Na kwenye mchanga?"

"Kwenye mchanga utaita mama yako."

"Mama yake nipo hapa, na sina rupia sita. Endelea."

Kulikuwa na tairi mpya, rupia kumi na mbili jozi. Kulikuwa na kiti chenye springi. Kulikuwa na gololi mpya, zile punje za chuma zinazozungukia ndani ya kitovu cha gurudumu. Za Zaidi zilikuwa zimelika, na ndizo zilizofanya gurudumu liyumbe. Gololi zilikuwa rupia moja na nusu.

Mwanne alimwambia mwanawe apande, azunguke kibanda. Akamtazama raundi tatu huku amefumba jicho moja.

"Fundi, mbona magoti yake yanamfikia kidevuni kama panzi?"

"Kiti kiko chini. Mzungu wake alikuwa mfupi."

"Kukipandisha ni bei gani?"

"Kulegeza nati na kuikaza? Bure."

"Basi anza na hicho. Mtu hasafiri amechuchumaa."

Kiti kilipanda vidole vinne. Zaidi akazunguka tena, na safari hii alizunguka kibanda na stesheni, akarudi macho yamemtoka. "Mama, imekuwa nyingine!"

"Bado," alisema Mwanne, na sasa alikuwa amekwishaelewa. Usukani wa picha na duara la meno vilikuwa kama kilemba kizuri cha mpagazi. Msafara haukuanza na kilemba. Ulianza na miguu, kisha mzigo, kisha tumbo. Akamweleza fundi hivyohivyo. Miguu ya baiskeli ni magurudumu: zinunuliwe gololi, na ndani ya tairi kuukuu iwekwe ngozi nyembamba ya mbuzi, iliyoparwa ikawa laini, miiba ya migunga isipite hadi kwenye mpira. Ngozi anayo. Tumbo ni mnyororo: ufunguliwe, uchemshwe kwenye maji ya majivu utoke uchafu wote, kisha upakwe mafuta ya nyonyo, tone moja kila pingili, na kufutwa, vumbi lisigande. Mafuta anayo.

"Na mzigo?" aliuliza Mustapha.

Mwanne aliishika baiskeli, akainyanyua hadi pajani, akafumba macho kama alivyomwona marehemu mumewe akifanya mara elfu. "Frasila moja na robo," alisema. "Chuma hiki cha kuzuia matope kinafanya nini? Hapa mvua inanyesha lini?"

"Disemba."

"Toa. Taa hii inawaka?"

"Haina kioo."

"Toa. Na bati hili la kufunika mnyororo. Na hii keria ya nyuma. Chuma kitupu!"

"Toa na breki basi," alisema Zaidi, ambaye sasa raha ilimpanda. "Kazi yake ni kuzuia tu."

"Breki ibaki. Humo mote, hiyo ndiyo peke yake yenye akili kama yangu."

Mustapha alicheka mpaka akaketi kwenye kile kigoda kibovu, kikamwangusha. Alipokea vyuma vyote vilivyotolewa kuwa malipo ya kazi yake, na gololi zikalipwa taslimu. Baiskeli iliponyanyuliwa tena haikufika frasila. Rupia mbili na nusu zilirudi kwenye fundo la khanga, na Mwanne alikwenda nyumbani akitembea kama mtu aliyeuza ng'ombe vizuri.

Siku zilizofuata Zaidi alikwenda Msalato na kurudi kila asubuhi. Mnyororo haukulia tena, na watoto wa jirani walilalamika. Siku ya kwanza alirudi jua limeshapanda juu ya mapaa, siku ya nne alirudi uji haujapoa. Shida ilikuwa moja: korongo lililo karibu na mji, ambalo wakati wa kiangazi lilijaa mchanga mtupu, upana wake kama hatua mia mbili. Hapo kila mtu alishuka akasukuma.

Jumatano alasiri, Yotham, karani wa posta, alikuja kununua mafuta ya kichwa.

"Kesho ni kesho, Mama Zaidi," alisema. "Leo tumeshinda tunashona mifuko."

"Mifuko ya nini, mwanangu?"

"Ya mashindano. Kila mmoja atabeba mfuko wake, ratili ishirini za magazeti makuukuu, umetiwa lakiri ya posta. Bwana Posta anasema hatafuti mtu wa kupunga upepo, anatafuta mtu wa kupeleka barua. Lakiri ikivunjika, umeshindwa."

Kibuyu kilimponyoka Mwanne, na Yotham akakidaka.

Keria! Mke mzima wa mpagazi, aliyetembea miaka minane nyuma ya mizigo, alikuwa ameondoa mahali pa kuwekea mzigo! Aliacha biashara yake wazi, akamwambia Yotham awe anatazama, na kwenda upesi kibandani kwa Mustapha.

"Fundi, keria yangu."

Mustapha alijikuna shingo. "Nimeiuza, Mama Zaidi. Jana. Kwa Matonya."

Matonya alikuwa kijana wa Kigogo, mrefu kama mlingoti, mcheshi, mfanyakazi wa duka moja kubwa. Tajiri wake alikuwa amemwazima baiskeli mpya kabisa, yenye kengele na taa inayowaka, na kila mtu alijua kwamba kesho ni yeye na Zaidi. Mwanne alimkuta mbele ya duka anaifuta baiskeli kwa kitambaa cheupe. Keria ilikuwa imefungwa nyuma, imepakwa hata rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Matonya, hiyo keria nitakupa rupia mbili."

"Ah, mama! Wewe si ndiye uliyeitupa?" Matonya alikuwa anacheka bila ubaya. "Mimi nilidhani ni dawa mpya, kila mtu atupe chuma chake. Nikajiambia, ngoja niokote za wenzangu."

"Ulijua habari ya mifuko?"

"Mimi? Sikujua. Nilitaka kumpakia mchumba wangu."

Hakutoa keria, na Mwanne hakumlaumu. Naye yeye asingetoa. Alirudi nyumbani polepole. Zaidi alikuwa ameketi mlangoni. Alipoambiwa, alijipapasa mabega.

"Nitaubeba mgongoni," alisema.

"Ukiinama utakuja shingoni. Ukikaa wima utakuvuta nyuma. Hapana." Mwanne alikaa chini kando yake. Mikono yake ilikwishaanza kutafuta kamba. "Baba yako mizigo ya vitambaa aliibebaje?"

"Mzegazega."

"Ndiyo. Fimbo begani, nusu mbele, nusu nyuma. Mzigo ukigawanyika haukuvuti popote."

"Lakini mfuko ni mmoja, mama, na umetiwa lakiri."

"Lakiri iko mdomoni. Tumboni hakuna lakiri."

Alikata vijiti viwili vya mkole, akavifunga huku na huku juu ya gurudumu la nyuma ili mfuko usiguse spoki. Akachukua gunia la mtama, akalijaza ratili ishirini za mahindi, akalikung'uta katikati hadi mahindi yakakimbilia pande mbili. Pale katikati palipobaki patupu akapazungushia kamba ya gome la mbuyu, akakaza kwa goti. Gunia moja likawa vifurushi viwili vilivyoshikana. Akalining'iniza nyuma ya kiti kama matandiko ya punda, chini kabisa, na kufunga ncha kwenye vijiti. Zaidi alipanda, akazunguka nyumba. Baiskeli ilitulia kuliko ilipokuwa tupu. Mwanne alifungua, akafunga tena, akafungua, akafunga, mpaka Zaidi mwenyewe akajua kuifunga amefumba macho.

Alhamisi saa moja asubuhi watu watano walisimama mbele ya posta na baiskeli zao. Mifuko iligawiwa. Wengine walicheka walipomwona Zaidi anaupiga mfuko wake ngumi katikati na kuufunga kiuno kama mwanamke anayejiandaa kutwanga.

"Zaidi, unamfunga kibwebwe?" alisema Matonya. "Atacheza ngoma gani?"

"Utauona mgongo wake ukicheza," alijibu Zaidi, na hayo kwake yalikuwa maneno mengi.

Filimbi ikalia, vumbi likainuka, wakaondoka.

Mwanne hakuweza kukaa. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye korongo, upande wa mji, akasimama juu ya ukingo na watu wengine kama ishirini waliokuja kutazama. Alimuuliza kila mmoja kama njia ya Msalato ina nyoka siku hizi. Baada ya muda alionekana mmoja anarudi kwa miguu, ameikokota baiskeli yake, tairi zote mbili zimelala.

"Miiba," alisema yule mtu. "Wale wengine wawili wamekaa njiani wanaziba."

"Na wangu?"

"Wako hakuwa na mwiba, mama. Alikuwa na Matonya tu."

Jua lilipopanda waliona vumbi moja, halafu wakaona ndani yake wamo wawili. Matonya alikuwa mbele, urefu wa baiskeli tatu hivi. Alishuka kwenye korongo kwa kasi, akaingia mchangani, na gurudumu la nyuma, lenye keria na mfuko juu yake, likazama hadi katikati ya spoki. Baiskeli ikalala chini pamoja naye. Alinyanyuka, akaanza kusukuma. Kila akisukuma, mfuko uliegemea upande mmoja na kuiangusha baiskeli upande huo. Nyuma yake Zaidi aliingia, naye akazama, naye akashuka, naye akaanza kusukuma. Sasa walikwenda sawa, mwendo wa kinyonga, na Matonya bado alikuwa mbele.

Mwanne aliwatazama, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Baiskeli haifiki frasila, haifiki ratili thelathini na tano. Mfuko, ratili ishirini. Havifiki frasila mbili.

"Zaidi!" alipiga kelele mpaka khanga ikamwanguka kichwani. "Ibebe! Baba yako alibeba frasila mbili mpaka Tabora! Ibebe!"

Zaidi aliinua uso. Kisha akainama, akaingiza bega chini ya chuma cha juu, akasimama na baiskeli yote begani. Mfuko ulining'inia sawasawa, nusu huku na nusu huku, haukumvuta popote. Akaanza kwenda ule mwendo wa wapagazi, magoti yamelegea, hatua fupifupi za harakaharaka, ambao Mwanne alikuwa hajauona kwa miaka mitatu.

Ukingo mzima ulipasuka kwa kicheko. "Tazameni! Baiskeli imechoka, imempanda mtu!"

Matonya alimwona anampita. Naye akajaribu kubeba ya kwake, na taa yake, na kengele yake, na madigadi yake yote, na mfuko juu. Aliinyanyua hadi kiunoni, mfuko ukamshukia kichwani, wakaketi wote watatu mchangani. Hata yeye alicheka, na kicheko hicho kilimgharimu hatua kumi.

Zaidi alitoka korongoni, akaitua, akapanda. Matonya akatoka nyuma yake, na kwenye ardhi ngumu ile baiskeli mpya ikaanza kula njia. Wote wawili wakaingia kwenye vumbi na kutoweka kuelekea posta. Mwanne alikimbia nyuma yao. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hakuwa amekimbia tangu simba alipovamia msafara wao Kilimatinde.

Alipofika aliwakuta wote wawili wamelala chali mbele ya posta, wanahema, na watu wamewazunguka wakisema wote kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia neno. Bwana Posta alikuwa amechuchumaa anatazama lakiri za mifuko kwa karibu. Mtu mmoja alikuwa anapinga, akisema kubeba baiskeli si kupanda baiskeli. Yotham akatafsiri, Bwana Posta akajibu kwa kifupi, Yotham akageuka.

"Anasema yeye aliagiza mfuko ufike. Hakuagiza nani ambebe nani."

"Nani amefika kwanza?" aliuliza Mwanne. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jamani, nani?"

Matonya ndiye aliyejibu, bado amelala chali. "Mama, nina habari mbaya. Ulikuwa umeshampikia mwanao chakula cha safari ya Tabora?"

"Sijapika."

"Basi usipike. Amenipita kwa gurudumu moja."

Mwanne aliketi chini palepale, kwenye vumbi, mbele ya Mzungu na karani na mji mzima. Watu walidhani analia, lakini alikuwa anafungua kamba kwenye mfuko wa Zaidi, polepole, fundo baada ya fundo, kwa sababu mikono ilikuwa inataka kazi.

"Inabidi unifundishe fundo hilo," alisema Matonya, ambaye sasa aliketi. "Dukani kila siku napeleka unga."

"Njoo kesho. Njoo na hiyo baiskeli, kiti chako pia kiko chini."

Kisha akamgeukia Yotham. "Anaondoka lini kwenda Kondoa?"

"Jumatatu alfajiri, Mama Zaidi."

"Na kurudi?"

"Alhamisi, Mungu akipenda."

Mwanne akahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Vidole vinne. Alivitazama muda mrefu, mkono wake ukiwa umejaa vumbi, kisha akaufumba.

"Vinne nitaviweza," alisema, na kumshika Zaidi mkono amwinue.